Range Rover Ikilala Chini: Tafuta Uvujaji Kabla ya Kununua Kompresa

Jioni umeiegesha Range Rover yako ikiwa imesimama vizuri, alfajiri unaikuta imekalia magurudumu. Fundi wa kwanza utakayemuuliza huenda akakwambia kompresa imekufa. Usifungue pochi bado. Katika Range Rover ya kizazi cha pili, ile iitwayo P38A iliyoingia sokoni mwaka 1994, kompresa mara nyingi huuawa na kitu kingine: oringi iliyokauka au mfuko wa hewa uliopasuka kwenye mikunjo. Hewa inavuja, kompresa inalazimika kujaza tena na tena, hadi inachoka. Ukiweka mpya bila kuziba uvujaji, umeipeleka hiyo mpya kaburini kwa njia ileile.

Kazi ya kutafuta uvujaji huo unaweza kuifanya nyumbani, ukiwa na subira na vifaa vichache.

Mfumo wenyewe

Badala ya springi za chuma, gari hili linabebwa na mifuko minne ya mpira iliyojaa hewa, mmoja kila gurudumu. Kompresa na bloku ya valvu zimo ndani ya sanduku la plastiki chini ya boneti, upande wa kushoto. Hewa husukumwa, hupita kwenye kikausha unyevu, huhifadhiwa kwenye tangi chini ya gari, kisha valvu huigawa kwa kila mfuko kupitia mabomba membamba. Kompyuta husoma kimo cha kila kona na kuamua nani aongezewe na nani apunguziwe.

Kuna jambo moja linalowapotosha wengi. Hata gari likiwa limezimwa, kompyuta huamka kila baada ya saa kadhaa na kulisawazisha gari kwa kufuata kona iliyo chini kuliko zote. Kona moja ikivuja, nyingine tatu nazo hushushwa. Asubuhi unaona gari zima limelala, unadhani mfumo wote umekufa, kumbe mgonjwa ni mmoja.

Usalama kwanza

Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na hewa au jeki peke yake. Likae juu ya stendi imara zilizowekwa kwenye chasisi, juu ya sakafu ngumu. Bomba likichomoka, gari hushuka papo hapo bila onyo. Hewa ndani ya tangi hufika takriban baa 10, mara kadhaa ya ile ya matairi, kwa hiyo vaa miwani ya kazi na uitoe hewa polepole kabla ya kulegeza chochote. Unapofanya kazi, acha mlango mmoja wazi: kompyuta ya gari hili haibadilishi kimo mlango ukiwa wazi.

Hatua ya kwanza: mjue mgonjwa

Chini ya kiti cha mbele cha kushoto kuna relei ya muda inayoiamsha kompyuta usiku. Pandisha gari kwenye kimo cha kawaida, zima, ichomoe relei hiyo, kisha pima kwa futi ya utepe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Andika vipimo vya kona zote nne. Asubuhi pima tena.

- Kona moja imeshuka: shuku mfuko wake, bomba lake, au oringi na valvu yake kwenye bloku.
- Kona kadhaa zimeshuka kwa viwango tofauti: shuku oringi za bloku, kwa kuwa zote zina umri mmoja.
- Hakuna iliyoshuka, lakini kila asubuhi kompresa huunguruma kwa muda mrefu: shuku tangi, mabomba yake, au valvu za kuzuia hewa isirudi nyuma.
- Zote zimeshuka kidogo sana na kwa usawa: huenda ni baridi ya usiku tu, kwani hewa ikipoa hupungua ujazo.

Hatua ya pili: povu litoe ushahidi

Changanya maji na sabuni ya kuoshea vyombo kwenye chupa ya kupulizia. Pulizia miisho ya mabomba, bloku, tundu la kutolea hewa, na mifuko yenyewe. Mifuko ichunguze gari likiwa kimo cha juu, likiwa limeegemea stendi, ili mikunjo ifunguke. Hapo ndipo vumbi la barabara zetu hujificha na kusaga mpira taratibu. Subiri, uvujaji mdogo hutoa povu jembamba linalokua polepole.

Hatua ya tatu: tengeneza kilichothibitishwa

Mfuko wenye nyufa zinazotoa povu haufai kuzibwa kwa gundi. Badilisha, na ikiwezekana badilisha miwili ya ekseli moja. Mfuko mpya usibebeshwe uzito ukiwa mtupu, maana mikunjo itajipanga vibaya na kuchanika. Utie hewa kiasi kwanza, hakikisha umekaa sawa, ndipo ushushe gari.

Ikiwa ni bloku, nunua seti ya oringi ya gari hili. Weka alama kwenye kila bomba kwa utepe kabla ya kuchomoa. Bonyeza pete ya kufungia kuelekea ndani, kisha vuta bomba. Usilazimishe kwa koleo. Piga picha kila unapofungua. Safisha kila mfereji wa oringi bila kuukwaruza, paka grisi ya silikoni kidogo sana, na kata ncha ya bomba ikiwa sawa kabisa kabla ya kuirudisha. Ncha iliyokatwa mshazari au yenye mikwaruzo itavuja hata kwenye oringi mpya.

Baada ya hapo ndipo uihukumu kompresa. Ikizunguka lakini haijazi, muhuri wa pistoni huenda umelika, na muhuri huo hubadilishwa peke yake. Ikigoma kabisa, kagua fyuzi na relei, kisha iache ipoe: ina kinga inayoikata ikipata joto kupita kiasi.

Kumbukumbu ya kompyuta

Gari linaweza kugoma kupanda hata baada ya matengenezo, kwa sababu hitilafu imebaki kwenye kumbukumbu. Itafutwa kwa laptop na kebo ya mfumo huu. Hapa mtafute fundi mwenye kifaa, naye mweleze ulichobadilisha.

Kabla ya kukata tamaa

Wapo wanaong'oa mifuko na kuweka springi za chuma. Ni suluhisho la kudumu, lakini unapoteza uwezo wa kushusha gari mzazi wako apande kwa urahisi, na kulipandisha kwenye tope. Mfumo unaostahili kung'olewa ni ule uliokwisha kuchunguzwa kona kwa kona, si ule uliohukumiwa kwa kutazamwa tu.

Na kama bado unatafuta gari la kununua, mwombe muuzaji aliache usiku kucha relei ya muda ikiwa imechomolewa, upime jioni na asubuhi. Vipimo hivyo vinane vitakwambia bei ya haki kuliko rangi inayong'aa na viti vya ngozi.