Mafunzo Niliyopata Chini ya Ford ya 1940

Ufundi nilijifunzia Arusha, ambako Land Rover kuukuu kufungwa injini ya Toyota au Isuzu si habari. Siku hizi nafanya kazi hiyohiyo Ohio, Marekani, kwa wapenzi wa hot rod, magari ya zamani yaliyotiwa injini yenye nguvu kupita ile ya kiwandani. Kila mteja huanza na swali moja: ekseli ya nyuma itahimili? Nachukua mfano wa Ford ya 1940 inayotolewa V8 yake na kufungwa Chevrolet 350.

1. Nguvu za farasi hazikwambii kitu

Kinachokata chuma ni nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye magurudumu. Injini ya asili ya Ford ile ilikuwa na nguvu za farasi 85 na ilizungusha kwa Nm 210 hivi. Chevrolet 350 isiyo na makuu hutoa kama Nm 400. Zidisha kwa gia ya kwanza ya giaboksi ya otomatiki ya TH350, ambayo ni 2.52, kisha kwa uwiano wa difu, 3.78. Umeshavuka Nm 3,800, na hapo konveta ya giaboksi haijaongeza ya kwake gari linapoanza kuondoka.

2. Tairi ndiyo fyuzi

Hesabu hiyo inatisha, lakini si yote inayofika. Kama ekseli ya nyuma imebeba kilo 700, tairi za kawaida kwenye lami kavu zitaanza kuteleza nguvu ikifika Nm 2,000 hivi. Inayozidi hapo inaishia kwenye moshi wa mpira. Ukivalisha gari hilohilo tairi pana za mashindano, zenye mpira laini unaonata, uzito nao ukahamia nyuma linapochomoka, ekseli inabebeshwa karibu maradufu. Kwa hiyo siku hizi mteja akinieleza injini yake, mimi namuuliza tairi.

3. Mguu wa dereva nao ni kipuri

Otomatiki huikaza ekseli taratibu. Klachi ikiachiwa ghafla injini ikiwa juu, mshtuko hupiga meno ya pinioni na krauni, gia kuu mbili za difu, kama nyundo. Ekseli iliyodumu miaka kwa mzee wa safari za Jumapili inaweza kukatika siku ya kwanza kwa kijana wa mashindano.

4. Ifungue kabla ya kuitolea hukumu

Ekseli ya Ford ya miaka ile huitwa banjo, kwa umbo la nyumba yake ya katikati. Kila hafu shafti imetengenezwa pamoja na gia yake ya ndani, kwa hiyo huwezi kuichomoa kwa nje. Lazima difu lote lifunguliwe. Ncha ya nje imechongwa kama koni, na dramu ya breki hukaa juu yake kwa kii na nati moja kubwa. Hapo ndipo pa kukodolea macho. Futa grisi, washa tochi, pitisha ukucha kwenye kona za mfereji wa kii. Nati ikiwa imelegea kwa muda mrefu, kii huchezacheza na ufa huanzia kwenye kona hizo. Oili nayo ina la kusema. Tope la kijivu lililo laini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza vidole ni meno yanayomeguka.

5. Usiishie kwenye difu

Propela shafti ya gari hili inazunguka ndani ya bomba la chuma. Bomba hilo ndilo linaloizuia nyumba ya ekseli isijipindue, na ndilo linalosukuma gari mbele. Wengi wakifunga giaboksi mpya hulitupa na kuweka propela ya wazi yenye krosi. Springi ya nyuma ya Ford hii ni moja tu, imelala kukingama, wala haiwezi kuzuia mzunguko huo. Bila mkono mpya wa kuishikilia ekseli, vyuma vyake vya pembeni hupinda hata kama krauni ni nzima kabisa.

6. Ekseli inaweza kuhimili na bado isifae

Kwa uwiano wa 3.78 na tairi zenye kimo cha sentimita 71, injini huzunguka kama mara 2,700 kwa dakika gari likiwa kwenye kilomita 97 kwa saa. Kwa 3.25 hushuka hadi 2,340. Kwa safari ndefu, tofauti hiyo utaisikia masikioni na kwenye mafuta.

7. Kuvunjika kuna daraja zake

Hafu shafti ya nyuma ya Land Rover ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Unachomoa vipande, unaweka gia ya magurudumu ya mbele, unarudi nyumbani. Kwenye banjo, shafti ndiyo inayolishika gurudumu. Ikikatika, gurudumu linaweza kutoka likiwa mwendoni. Basi swali si kama itavunjika tu, bali ikivunjika itakufanyia nini.

8. Ukiamua kubadilisha, badilisha kwa sababu

Kimbilio la wengi ni Ford ya inchi 9, iliyotoka 1957. Kipimo hicho ni kipenyo cha krauni, na pinioni yake imeshikwa na beringi ya ziada kwenye ncha ya ndani, kwa hiyo haikimbii krauni inapobanwa. Difu lake hutolewa kwa mbele likiwa zima. Lakini ni zito, na kwa gari jepesi la matembezi ile ndogo ya inchi 8 inatosha.

Jibu langu kwa wateja limekuwa fupi. Tairi za kawaida, otomatiki, mguu mpole na hafu shafti zisizo na ufa: bakiza banjo yako, ila uikague kila mwaka. Unataka tairi za kunata au klachi ya kuachia ghafla: nunua ekseli kwanza, injini baadaye. Anayeanza na injini hujikuta hela imekwisha, na ekseli mbovu ndiyo iliyobaki chini ya gari.