Mtoto Asiyetaka Mboga

Juma hili twataka kunena na wazazi wa Eastlands, wale wakaao Kaloleni, Makongeni, Jericho na Maringo, na wale wa Umoja, Kayole na Dandora pia, juu ya jambo liletalo ugomvi karibu kila jioni. Mtoto huletewa sahani ya ugali na sukuma wiki. Ugali huumega, mchuzi huuchovya, na majani huyasukumia ukingoni mwa sahani. Mama akimkemea, hulia. Baba husema, "Mwache, atakula akishikwa na njaa." Kesho yake mambo ni yale yale.

Wako wanaodhani kwamba tumbo likijaa, kazi ya chakula imekwisha. Sivyo. Ugali na wali hutia nguvu, maharagwe na nyama hujenga mwili, lakini mboga za majani na matunda ndivyo vilindavyo mwili usishikwe na maradhi. Mtoto aweza kushiba kila siku na huku akadhoofika. Akikosa vitamini A kwa muda mrefu, haoni vizuri wakati wa magharibi, na asipotibiwa aweza kupofuka. Tena surua na kuhara humwelemea zaidi kuliko wenzake. Akikosa madini ya chuma, damu yake hupungua, naye husinzia darasani. Mwalimu humwita mvivu, kumbe ni mgonjwa. Kwa sababu hii watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A katika vituo vya afya mara mbili kwa mwaka, wala haifai mzazi akose kuwapeleka. Lakini matone hayo hayawezi kushika mahali pa chakula.

Je, mtoto ale kiasi gani? Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo chake: mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400 sawa na mtu mzima. Hesabu hii isikutishe, wala huna haja ya mizani. Ndizi mbivu moja ya kadiri, bila ganda lake, hupata gramu 100 hivi. Vijiko vinne vikubwa vya sukuma wiki iliyopikwa hupata gramu 80. Mtoto wa miaka 8 akila ndizi moja, chungwa moja na mboga mchana na jioni, amefika au amekaribia sana. Lakini viazi, mihogo na nduma havimo katika hesabu hii, kwa kuwa kazi yavyo ni ile ile ya ugali. Mzazi anayempa mtoto chipsi na kusema amempa mboga anajidanganya mwenyewe.

Sasa tutazame mapishi, maana mboga nyingi huharibika kabla hazijafika sahani. Mama mboga hukukatia sukuma wiki nyembamba kama nyuzi, ukaifikisha nyumbani, ukaiosha na kuikamua. Maji hayo ya kijani unayoyamwaga yamechukua sehemu ya vitamini uliyoilipia. Afadhali ununue majani mazima, uyaoshe kwa maji safi, ndipo uyakate, na kuyapika mara moja kwa muda mfupi. Tia mafuta kidogo, kwa sababu bila mafuta mwili haupokei vizuri vitamini A. Magadi hulainisha mrenda na kunde upesi, lakini huharibu vitamini C. Nyanya, au tone la ndimu juu ya mboga, husaidia chuma kuingia mwilini, nayo chai inywewayo pamoja na chakula hukizuia. Chai ya mtoto basi ingoje saa moja au mbili baada ya kula.

Turudi kwa yule mtoto mwenye kusukuma majani. Wachunguzi wa malezi wameona kwamba mtoto aweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kigeni mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Wazazi wengi hukata tamaa mapema zaidi, wakasema, "Huyu hapendi mboga," nalo neno hilo humkaa mtoto kama jina. Mwekee kidogo, kijiko kimoja tu, bila kelele. Asipokula leo, mwekee tena keshokutwa. Kumlazimisha kwa fimbo humfundisha kuchukia, na kumwahidi mandazi endapo atamaliza mboga humwonyesha kwamba mandazi ndiyo yenye heshima na mboga ni adhabu.

Na hapa neno kwa akina baba. Mtoto huutazama mkono wako kuliko anavyolisikia neno lako. Ukitafuta vipande vya nyama na kuacha majani, usishangae mwanao akifanya vivyo hivyo.

Wengine husema kwamba watoto wa mjini wamezoea sukuma wiki peke yake nao wameichoka. Malalamiko haya yana haki. Mjini kuna mchicha, kunde, mnavu, mgagani na mrenda, mboga ambazo kwa miaka mingi watu walizidharau na kuziita magugu au chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alikuwa mtoto ambaye mwili wake ulikataa maziwa na mayai, akalelewa kwa mboga hizo. Baadaye akazifanya kazi ya maisha yake, na utafiti wake umewarudishia Wakenya wengi hamu ya kuzipanda na kuzila. Mnavu ni mchungu kwa ulimi wa mtoto, twakubali. Uchanganye na mchicha au kunde, au umalizie kwa maziwa kama wafanyavyo watu wa magharibi ya Kenya.

Kuhusu gharama, fuata msimu. Maembe ya Ukambani yakijaa sokoni Gikomba, bei hushuka; wakati huo si wa kununua juisi ya rangi katika chupa. Sarafu ya shilingi 10 anayopewa mtoto kwenda dukani mara nyingi hununua ndizi, lakini asipoambiwa, atanunua peremende.

Liko jambo moja lenye hatari. Kando ya Mto Nairobi na Mto Ngong huoteshwa mboga kwa maji machafu, na wachunguzi wamekuta madini ya risasi katika mboga za namna hiyo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na kuosha hakuiondoi, kwa kuwa imo ndani ya jani. Muulize mama mboga wako alikozipata. Ndiye aliyeamka alfajiri kuzifuata, naye anajua.

Mwenye nafasi ndogo mlangoni, na Kaloleni nafasi hizo zipo, aweza kupanda katika gunia. Lijaze udongo mzuri uliochanganywa na samadi iliyooza, ukiweka katikati nguzo ya mawe madogo toka chini hadi juu ili maji yapenye. Toboa matundu ubavuni, upandikize miche humo na juu pia. Mwagilia jioni kwa maji safi, yasiwe ya mtaroni. Kazi ya kumwagilia mpe yule yule mtoto anayekataa mboga. Baada ya mwezi mmoja na nusu hivi majani ya chini yatakuwa tayari kuchumwa. Mwache ayachume mwenyewe, ayalete jikoni.