Mkanda wa Umeme na Kitambi

SWALI: Daktari, nina miaka 46 na kilo 104. Magoti yananiuma, mazoezi siwezi. Nikipunguza kula na kuvaa mkanda wa umeme tumboni, kitambi kitaisha? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kilo zitapungua kwa kupunguza chakula, dada yangu. Mkanda hukaza misuli kwa umeme mdogo, lakini nishati inayotumika ni kiduchu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, hueleza kuwa vifaa hivi huimarisha misuli kwa muda tu. Matangazo ya tumbo bapa ni biashara.

Hata hivyo umeme una nafasi yake. Anayejinyima chakula hupoteza mafuta pamoja na misuli, hasa kama hafanyi mazoezi. Kwa mwenye magoti mabovu, mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kubandika pedi za umeme mapajani, si tumboni, kwa sababu misuli ya mbele ya paja ndiyo inayoshikilia goti. Ila misuli haijengwi kwa umeme mtupu: usiache maharage, dagaa na mayai.

Katika kupunguza mlo, anzia kwenye chai. Vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni karibu kalori 200. Kisha ugali uwe saizi ya ngumi, mboga zijaze nusu ya sahani.

Mwenye betri ya moyo, kifafa au mimba asiguse mkanda huo. Mkojo ukiwa mweusi kama kokakola baada ya kuutumia, wahi hospitali. Na kama unachoma insulini, usipunguze mlo kabla daktari hajarekebisha dozi. Sukari inaweza kushuka ghafla.