Matunzo au Mamlaka? Lugha ya Sheria na Matibabu ya Mtoto wa Wazazi Wasiooana

Mtoto mgonjwa anahitaji kufanyiwa upasuaji. Mama yu tayari kutia sahihi fomu ya idhini. Baba, ambaye hakumwoa mama huyo, anapinga kwa hoja kwamba yeye ndiye mlipaji. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mgogoro wa aina hii nchini Kenya hubeba maswali mawili, yaani nani agharimie na nani aamue, na kwamba Kiswahili cha mahakamani aghalabu huyafunika yote mawili kwa neno moja: matunzo.

Tuitazame sheria kwanza. Sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba posho ya mtoto ilipitishwa 1959 na kufutwa 1969. Sheria ya Watoto ya 2001 haikuliziba pengo hilo barabara. Kifungu cha 24 kilimpa mama jukumu la mzazi tangu mwanzo. Baba alilipata baadaye kupitia kifungu cha 25: kwa amri ya mahakama, kwa makubaliano na mama, kwa kuishi naye muda usiopungua miezi 12 baada ya mtoto kuzaliwa, au kwa kumkiri mtoto ama kumtunza. Ajabu ya mpango huo ni kuwa baba aliyetoweka aliweza kusema hana jukumu, ilhali aliyeleta unga na dawa alijifunga mwenyewe.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53(1)(e), iliubomoa mpango huo. Baba na mama wana jukumu sawa la kumkimu mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 ikaongeza kwamba hakuna kati yao mwenye haki inayoizidi ya mwenzake. Kwa hivyo kulipa bili hakumpi baba kura ya turufu, wala kuishi na mtoto hakumpi mama neno la mwisho. Wakishindwa kupatana, Mahakama ya Watoto huamua kwa kuzingatia masilahi ya mtoto, na hapo ushahidi wa daktari una uzito kuliko malumbano ya wazazi. Baba akikana uzazi, mahakama yaweza kuamuru kipimo cha DNA. Ikumbukwe pia kuwa kifungu cha 43(2) cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mtoto anayevuja damu hasubiri wazazi wapatane.

Sasa turejee kwenye lugha. Sheria ya 2001 ilifafanua jukumu la mzazi kuwa wajibu, haki na mamlaka kwa pamoja. Katika matumizi ya kawaida, "jukumu" huelemea upande wa mzigo, na "matunzo" huelemea zaidi upande wa fedha. "Malezi" nayo hutumiwa kumaanisha kukaa na mtoto. Mamlaka ya kuamua, ambayo ndiyo kiini cha mgogoro wa fomu ya idhini, hayana neno lililozoeleka. (Kuhusu "mwana wa haramu", linalosikika bado katika mabishano ya wazazi, inatosha kusema kwamba humtwika mtoto kosa lisilo lake.)

Jambo hili si dogo. Kwa mujibu wa kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, lugha za mahakama za chini ni Kiingereza na Kiswahili, ilhali ya Mahakama Kuu na ya Rufani ni Kiingereza. Tuchukulie kwamba baba anaulizwa kwa Kiingereza iwapo analikubali jukumu la mzazi, naye mkalimani anamwambia: "Unakubali kumtunza mtoto?" Baba anaitikia, akidhani ameahidi karo na dawa. Kumbukumbu ya Kiingereza inaandika kwamba ameyakubali na mamlaka. Mama, aliyesikia Kiswahili peke yake, anaondoka akiamini kuwa uamuzi wa upasuaji umebaki mikononi mwake. Siku ya kutia sahihi, kila mmoja anafika hospitalini na hukumu yake kichwani, na daktari analazimika kuwarejesha wote wawili mahakamani.