Hadhira Tuli na Hadhira Tendi: Mwitikio wa Wasikilizaji wa Konseto ya Saksafoni Ukitazamwa kutoka Butimba

1.0 Utangulizi

Katika ufundishaji wa fasihi simulizi imekuwa desturi kuigawa hadhira katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni hadhira tendi, yaani ile inayoimba, inayoitikia, inayopiga makofi au inayoingia uwanjani kucheza. Fungu la pili ni hadhira tuli, yaani ile inayoketi na kusikiliza. Mgawanyo huu umesaidia sana darasani, hasa baada ya Mulokozi (1989) kuonyesha katika Mulika kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba hadhira ni mojawapo ya mihimili ya tukio hilo pamoja na fanani, fani, mahali na wakati. Hata hivyo, mgawanyo huo umezaa dhana nyingine isiyotajwa waziwazi: kwamba utendi ni sifa ya Mwafrika na ya ngoma yake, na utulivu ni sifa ya Mzungu na ya ukumbi wake. Dhana hiyo ndiyo inayohojiwa katika makala hii.

Butimba imechaguliwa kwa sababu maalumu. Katika mtaa huu wa Mwanza, kusini mwa katikati ya jiji na karibu na ufuko wa Ziwa Viktoria, kipo Chuo cha Ualimu ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuwaandaa walimu wa sanaa, muziki ukiwamo. Mwalimu wa muziki aliyefunzwa hapo anasimama mahali ambapo mapokeo mawili ya usikilizaji yanakutana. Upande mmoja ana mashindano ya ngoma ya Wasukuma, ambayo wanafunzi wake wengi wameyaona tangu utotoni. Upande wa pili ana muziki wa okestra wa Ulaya, ulioandikwa kwa nota na kuambatana na kanuni zake za ukimya. Akiambiwa kuwa darasa lake ni “hadhira tendi” kwa asili, atakuwa amekwisha kuamua kabla ya somo kuanza kuwa konseto si yao.

2.0 Konseto, saksafoni na asili ya ukimya

Konseto ni utungo ambamo mpigaji mmoja hutengwa na okestra na kuwekwa mbele yake. Neno lenyewe linabishaniwa. Katika Kilatini kitenzi concertare kina maana ya kushindana, ilhali katika Kitaliano kimeelekea maana ya kupatana. Maana zote mbili zinasikika katika tungo zenyewe, kwani mpigaji pekee na kundi huvutana, kisha husikizana.

Saksafoni iliingia katika uwanja huu kwa kuchelewa. Adolphe Sax, fundi wa Ubelgiji, aliipatia hataza nchini Ufaransa mwaka 1846, na kwa miongo mingi makao yake makuu yalikuwa bendi za kijeshi, na baadaye jazi. Aleksandr Glazunov, mtunzi wa Urusi aliyekuwa akiishi Paris, alipotunga konseto yake kwa ajili ya saksafoni ya alto na ala za nyuzi mwaka 1934, alikuwa akiiombea ala hii nafasi katika ukumbi ambao haukuizoea. Utungo huo ulipigwa kwa mara ya kwanza na Sigurd Raschèr mjini Nyköping, Sweden, mwezi Novemba mwaka huohuo. Unaendelea kwa muda wa takribani robo saa pasi na kukatishwa. Hakuna pumziko baina ya sehemu ambamo msikilizaji angeweza kukohoa, sembuse kupiga makofi.

Hapa ndipo ukimya wa ukumbini unapodhaniwa kuwa ni wa asili. Sivyo ilivyokuwa. Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris mwezi Julai 1778 akimweleza kwa furaha kwamba hadhira ilipiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake mpya, palepale ambapo yeye mwenyewe alikuwa amekusudia iguswe. Kanuni ya kunyamaza hadi mwisho ilikomaa polepole katika karne ya 19 na kuimarika katika karne ya 20. Kwa maneno mengine, hadhira ya Ulaya haikuzaliwa tuli. Ilifundishwa, na waliofundishwa kwanza ni wale waliokuwa na uwezo wa kulipa kiingilio.

3.0 Hadhira inayohama

Usukumani hali ya mambo ni tofauti, ingawa si kwa namna inayodhaniwa. Mapokeo yanasimulia kuwa katika karne ya 19 palikuwa na wacheza ngoma wawili waliokuwa pia waganga, Ngika na Gumha, ambao ushindani wao ulizaa vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu. Mpaka leo ngoma nyingi za Wasukuma hujipambanua kwa kufuata upande mmoja au mwingine. Baada ya mavuno vikundi vya pande hizi hukutana kushindana, na jambo la msingi ni kwamba hucheza kwa wakati mmoja, kila kikundi katika sehemu yake ya uwanja. Hakuna zamu. Watazamaji huwa huru kwenda huku na huko, na kikundi kinachovuta umati mkubwa zaidi ndicho mshindi. Ndiyo maana dawa za ngoma, ziitwazo samba, zilitafutwa kwa bidii: kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta watu. Mashindano ya aina hii huonekana hata sasa katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, Kisesa, mashariki ya jiji la Mwanza, mahali ambapo Padre David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma.

Anayeuangalia umati huo kwa mbali atasema haraka kuwa ni hadhira tendi. Anayeukaribia ataona vingine. Wengi miongoni mwa waliosimama hawaimbi wala hawachezi. Wanatazama, wanasikiliza, wanalinganisha. Baadhi yao wamekunja mikono. Utendi wao wote umo katika kubaki au kuondoka. Mtu akigeuza kisogo na kuelekea upande wa pili ametoa hukumu ambayo manju aliyeko katikati anaiona palepale na hana budi kuijibu: ataongeza mbwembwe, atabadili wimbo au atatoa nyoka aliyemficha. Kwa kigezo cha mwili, msikilizaji huyu ni tuli kuliko mpenzi wa opera anayepaza sauti ya “bravo”. Kwa kigezo cha uzito wa uamuzi wake, hakuna hadhira iliyo tendi zaidi yake.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Wasukuma wana wigashe, ngoma ambayo jina lake latokana na kitenzi cha kuketi na ambayo huimbwa na vijana waliokaa. Dai la kwamba muziki wa Kiafrika hauwezi kutenganishwa na miguu ya mchezaji halikutungwa na mtu aliyefika Usukumani.

4.0 London, Septemba 1995

Mfano wa upande wa pili ni wa karibu zaidi na wenye kumbukumbu nyingi. Tarehe 16 Septemba 1995, katika usiku wa mwisho wa tamasha la Proms kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, ulipigwa kwa mara ya kwanza utungo wa Harrison Birtwistle uitwao Panic. Kwa umbo ni konseto ya saksafoni ya alto, ingawa mpigaji ngoma naye amepewa nafasi ya mbele, na okestra yenyewe ina ala za kupuliza na za kugonga tu, bila nyuzi. Mpiga saksafoni alikuwa John Harle. Onyesho lilirushwa na televisheni ya BBC, na shirika hilo lilipokea wimbi la malalamiko kutoka kwa watazamaji waliodai kuwa walichosikia hakikuwa muziki bali kelele. Magazeti nayo yaliendeleza ubishi huo kwa siku kadhaa.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba usiku wa mwisho wa Proms ndio usiku ambao hadhira ya ukumbi huo hupeperusha bendera, huimba kwa sauti moja, hupuliza honi na kukanyaga sakafu kwa kufuata mwendo wa okestra. Watu walewale, katika viti vilevile, huwa tuli kwa Birtwistle na tendi kwa nyimbo za baharini, tena katika saa chache za jioni moja. Utulivu wao basi hauwezi kuwa sifa ya rangi, ya utamaduni wala hata ya ukumbi. Ni sharti la kila kipengele cha tukio, na kila mmoja analijua.

La pili ni kwamba waliolalamika hawakuwa na mahali pa kwenda. Katika Panic mpiga saksafoni na mpiga ngoma mara nyingine huenda kwa mwendo wao, na okestra kwa mwendo wake. Sikio linalazimika kuchagua lifuate nani. Mtu aliyezoea uwanja wa Bujora, ambako ngoma mbili hulia kwa pamoja, huenda asingeshtushwa sana na jambo hilo. Tofauti ni kwamba uwanjani angeweza kuhama, na kuhama kwake kungehesabiwa. Mtazamaji wa London alikuwa na simu tu, tena baada ya onyesho, wakati ambapo Harle hakuweza tena kumjibu.

Kutokana na mifano hii, swali lenye tija kuhusu hadhira si kama inatikisika au haitikisiki. Swali ni hili: hadhira imepewa mamlaka gani, na inayatumia wakati gani? Umati wa Usukuma una mamlaka ya kuamua mshindi, na huyatumia tukio likiendelea. Hadhira ya konseto haina mamlaka ya kubadili kinachopigwa, kwa kuwa kimekwisha kuandikwa. Hivyo mwitikio wake umeahirishwa hadi makofi ya mwisho, au hadi barua kwa mhariri.

5.0 Lugha ya msikilizaji

Mwalimu wa Butimba hutakiwa kuyasema haya kwa Kiswahili, na hapo pana utajiri ambao haujatumiwa vya kutosha. Kitenzi kusikia hakihitaji nia; kusikiliza kinaihitaji; na kusikilizana kimevuka sikio na kuwa mapatano. Katika mnyambuliko mmoja wa kitenzi zimo hatua ambazo wanazuoni wa konseto wamezieleza kwa kurasa nyingi.

Aidha, Kiswahili huifanya ala yenyewe kuwa mtendaji: ngoma inalia, tarumbeta inalia, saksafoni inalia. Kulia huku si lazima kuwe kwa huzuni, na mhakiki anayekitafsiri kitenzi hiki kama machozi hupotosha. Hata hivyo, wapenzi wa muziki wa dansi, waliozoea saksafoni na tarumbeta zikijibizana na waimbaji katika bendi kama Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, husikia katika sauti hiyo kitu kilicho karibu na usemi. Mwanachuo anayepigiwa Glazunov kwa mara ya kwanza haji na sikio tupu. Anatarajia kujibizana, na katika kadenza, pale okestra inaponyamaza na saksafoni ikabaki peke yake, atangoja mwitikio usiokuja. Mshangao huo ni wa kisanaa, na ni mwanzo mzuri wa somo kuliko maelezo ya maisha ya mtunzi.

Vitenzi vya tathmini navyo vina mantiki yake. Ngoma hunoga, hukolea. Vimetoka jikoni, na kiima chake ni tukio zima wala si mpigaji. Ngoma iliyonoga imenogeshwa pia na waliokuja. Sarufi inaruhusu kusema kuwa konseto imenoga, lakini mzungumzaji mwangalifu atasita, kwa sababu hajui kama yeye aliyeketi kimya amehesabiwa kuwa kiungo.

Kusita kwa namna hiyo kunajitokeza pia katika kutunza. Mcheza kwao hutunzwa, yasema methali, na katika taarabu na dansi mtu hunyanyuka na fedha mkononi baada ya kuguswa, mbele za watu wote. Anayekwenda kusikiliza konseto hulipa mlangoni, kabla hajasikia hata sauti moja. Mtazamaji wa BBC mwaka 1995 alikuwa amelipa mapema zaidi, kupitia ada ya leseni ya televisheni, na wengi wa waliopiga simu walizungumza kama watu waliokwisha kumtunza mchezaji ambaye, kwa maoni yao, hakucheza kwao.