SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA: MKOPO WA MASOMO YA FILAMU

Maombi ya mkopo wa masomo hufika vyamani kila mwaka, na aghalabu huwa ya ualimu, uuguzi au udereva. Siku hizi yanafika pia maombi ya vijana wanaotaka kusomea utengenezaji wa filamu. Katika baadhi ya kamati maombi hayo huchekwa na kutupwa. Katika nyingine hupitishwa kwa kuwa mwombaji ni mtoto wa mjumbe. Njia zote mbili ni makosa. Filamu ni kazi kama kazi nyingine, na fedha ya mkopo ni akiba ya wanachama. Somo hili laeleza jinsi mwombaji aliye kazini, na ambaye bado anadaiwa, apaswavyo kuchagua chuo. Na jinsi kamati ipaswavyo kumpima.

1. Ni kazi gani hasa?

Neno filamu ni pana. Ndani yake mna mwandishi wa mchezo, mwongozaji, mpiga picha, fundi wa sauti, fundi wa taa, mhariri na mtayarishaji anayesimamia fedha. Mwombaji asemaye tu kwamba anataka "kusomea filamu" hajajua anachokitaka, na hawezi kuchagua chuo. Fundi wa sauti na mhariri hujifunza kwa kutumia zana kila siku. Mwandishi huhitaji zaidi kusoma, kuandika na kusahihishwa. Chuo kinachomfaa mmoja chaweza kuwa hasara kwa mwingine.

Yafaa kukumbuka habari za Ousmane Sembène wa Senegal, aliyezaliwa mwaka 1923. Alikuwa mpakuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille, Ufaransa, na mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Alijifunza kuandika akiwa kazini, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1956. Mwaka 1962, akikaribia umri wa miaka 40, alikwenda Moscow kujifunza filamu kwa muda mfupi. Mwaka 1963 alitoa "Borom Sarret", filamu ya dakika 20 hivi juu ya mwendesha mkokoteni wa Dakar. Alikwenda chuoni akiwa tayari na hadithi zake. Alichokikosa ni ufundi wa kamera, na hicho ndicho alichokifuata.

2. Aina za vyuo

Kuna aina tatu, na kila moja ina bei yake.

(a) Vyuo vya cheti, stashahada na shahada. Bagamoyo kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kufanywa wakala wa Serikali mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha sanaa za ubunifu. Nairobi kuna Kenya Institute of Mass Communication, kilichoanza mwaka 1961. Faida ya vyuo hivi ni cheti kinachotambuliwa, nacho hutakiwa na waajiri kama mashirika ya utangazaji. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwombaji athibitishe kuwa chuo kimesajiliwa na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa: NACTVET kwa cheti na stashahada, TCU kwa shahada.

(b) Mafunzo mafupi. Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na Mira Nair mwaka 2004 na kufanya kazi zake Kampala, imefundisha vijana wengi wa Afrika ya Mashariki bila kuwatoza ada. Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, nalo limekuwa na warsha zake. Mafunzo ya namna hii hayatoi stashahada, lakini hayamtoi mtu kazini kwa miaka miwili.

(c) Vyuo vya ng'ambo. Baadhi havina ada kubwa. Katika vyuo vikuu vya umma vya Ucheki, kikiwemo FAMU cha Prague kilichoanzishwa mwaka 1946, asomaye kwa Kicheki halipi ada. Asomaye kwa Kiingereza hulipa. Lakini ada si gharama yote. Ujerumani humtaka mwombaji wa viza aonyeshe fedha za kujikimu. Uingereza kwa kawaida humruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa 20 tu kwa juma wakati wa muhula. Anayetarajia kulipa deni la chama kwa vibarua vya ng'ambo hana budi kujua mipaka hiyo kabla ya kuondoka.

3. Hesabu kamili

Kosa kubwa katika maombi mengi ni kuandika ada peke yake. Uchukuliwe mfano wa karani wa mizani wa chama cha msingi, ambaye mshahara wake ni sh. 400,000 kwa mwezi. Bado anadaiwa na chama chake cha akiba na mikopo sh. 1,200,000, na hulipa sh. 100,000 kila mwezi. Anaomba sh. 3,000,000 ili asome miaka miwili mbali na nyumbani. Hesabu yake kamili ni hii:

Ada ya miaka miwili: sh. 3,000,000
Ziada ya kuishi mbali, sh. 70,000 kwa miezi 24: sh. 1,680,000
Vifaa na filamu ya kuhitimu: sh. 1,500,000
Mshahara anaouacha kwa miezi 24: sh. 9,600,000
Jumla: sh. 15,780,000

Maombi yanasema milioni tatu. Ukweli unakaribia milioni kumi na sita. Mshahara unaoachwa hauonekani katika stakabadhi yoyote, lakini ndio mzigo mkubwa kuliko yote.

Sasa utazamwe mkopo wenyewe. Kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio, na marejesho ya miezi 24, mwezi wa kwanza mkopaji hulipa sh. 125,000 za mkopo na sh. 45,000 za riba, yaani sh. 170,000. Yakiongezwa marejesho ya deni la zamani, makato hufikia sh. 270,000. Hubaki sh. 130,000, ambazo hazifiki theluthi moja ya mshahara. Hiyo ni hesabu ya mtu aliye kazini. Huyu ataacha kazi, na hapo mshahara wa kukatwa hautakuwapo kabisa.

Njia ya pili ya karani huyo ni kumaliza kwanza deni la zamani katika miezi 12, kisha kuomba likizo isiyo na malipo ya miezi mitatu na kusoma kozi fupi ya uhariri:

Ada: sh. 450,000
Ziada ya kuishi mbali: sh. 210,000
Mshahara anaouacha: sh. 1,200,000
Kamera iliyotumika na kinasa sauti: sh. 1,100,000
Jumla: sh. 2,960,000

Njia hii haimpi stashahada, na jambo hilo lisifichwe. Lakini humrudisha kazini, humpa vifaa vya kurekodi arusi na mikutano siku za mapumziko, na humwonyesha kama kweli anaipenda kazi hiyo au alipenda jina lake tu. Akiona inamfaa, stashahada itamngoja. Naye atakwenda akiwa na kazi za kuonyesha na bila deni nyuma yake.

4. Wadhamini

Filamu ya Sembène ya mwaka 1968, "Mandabi", yafaa kuonyeshwa katika kila mkutano wa mikopo. Mzee wa Dakar apokea hawala ya fedha kutoka kwa mpwa wake aliye Paris. Kabla hawala haijalipwa, nyumba yake yakopa dukani, jamaa na majirani waja kuomba, na madeni yakua. Mwisho fedha zenyewe zachukuliwa na mjanja, mzee akabaki na madeni. Hilo ndilo tendo la mtu akopaye leo kwa kutegemea filamu atakayoiuza kesho.

Tofauti ni kwamba katika chama cha akiba na mikopo mkopaji haanguki peke yake. Akishindwa, akiba za wadhamini hushikwa. Mdhamini aweza kuwa mama mjane aliyeweka fedha za kahawa kwa miaka sita ili mwanawe aingie sekondari. Siku anapokuja dirishani kuzitoa, Katibu humwambia kwamba haziwezi kutoka. Mama huyo hakuchagua chuo wala hakushika kamera, ila ndiye anayelipa. Kwa hiyo mdhamini asomewe hesabu yote, ukiwemo mshahara unaoachwa, kabla ya kutia sahihi au dole gumba.

5. Mambo ya kutazamwa na kamati

(i) Mwombaji ataje fani moja, na alete kazi aliyokwisha kuifanya, hata ya dakika tano.
(ii) Usajili wa chuo na wa kozi uthibitishwe kwa maandishi.
(iii) Madeni yote yatajwe, pamoja na ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 humkata mwajiriwa asilimia 15 ya mshahara.
(iv) Barua ya mwajiri ionyeshe kama kazi itamngoja.
(v) Mkopo utolewe kwa awamu, na ada ipelekwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo.
(vi) Marejesho yasitegemee fedha ambazo bado hazijapatikana.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mshahara unaoachwa uhesabiwe kuwa gharama?
2. Karani wa mfano akipata ufadhili wa ada yote, je, afaa kuondoka kabla ya kumaliza deni la zamani? Tazameni upya hesabu kabla ya kujibu.
3. Katika chama chenu, ni nani huwaeleza wadhamini wajibu wao, na huwaeleza lini?

Elimu ni mojawapo ya misingi ya ushirika, na chama kisichowasomesha vijana wake hujinyima viongozi wa kesho. Lakini kumsomesha mmoja kwa akiba ya mwingine asiyejua si ushirika. Kijana aambiwe ukweli wa hesabu mapema. Mwenye nia hatakasirika, atarudi na hesabu iliyo bora zaidi.