Kabla Hujanunua Chujio la Maji ya Kisima

Jirani yangu hapa Dar es Salaam alifungiwa chujio la mitungi mitatu kwenye bomba la kisima chake. Fundi alipomaliza, maji yakatoka yanameremeta na sote tukaonjeshwa. Chumvi ilikuwa palepale. Wala chujio halikuwa bovu: ndani lina nyuzi za kunasa tope na mkaa wa kuondoa harufu, na mkaa haushiki chumvi iliyokwisha kuyeyuka.

Pesa ya kwanza, basi, ipeleke maabara. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Omba wapime vimelea vya kinyesi, chumvi, ugumu, madini ya chuma, naitreti na floraidi. Chupa ya kipimo cha vimelea ichukue kwao, kwani chupa ya soda uliyosuuza nyumbani itakuletea majibu ya uongo. Acha bomba litiririke dakika chache, kinga bila kugusa mdomo wa chupa, iweke kwenye barafu, ifike siku hiyohiyo.

Wakati unasubiri majibu, kinga maji kwenye ndoo nyeupe uyalaze. Yakiingia meupe na asubuhi ukayakuta na rangi ya chai, mashapo yametuama chini, hicho ni chuma kilichokutana na hewa kikawa kutu. Mara nyingi inatosha kuyadondosha kama manyunyu ndani ya tangi yapate hewa, kisha yapite kwenye mchanga. Sabuni ikigoma kutoa povu na birika likaota magamba meupe, maji ni magumu. Huo ni usumbufu zaidi kuliko ugonjwa. Mashine ya kulainisha maji hutoa chokaa na kuweka sodiamu mahali pake, hivyo muuzaji asikuambie kwamba inaondoa chumvi.

Vimelea havionekani wala havina ladha. Kama choo cha shimo kiko chini ya mita 30 kutoka kisimani, au kisima hakina mfuniko, shughulika na hayo kabla ya mashine yoyote. Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote, au yatie klorini kwa kipimo cha kwenye kifungashio na uyaache dakika 30. Taa ya UV nayo inaua vimelea, ila maji yawe maangavu na umeme uwepo. Ukikatika, unakunywa kisima kilivyo.

Floraidi ndiyo inayowaponza wengi. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, Arusha, utawaona watu wazima wenye meno ya kahawia tangu utotoni, na iliyozidi sana huharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki. Naitreti, ambayo ni hatari kwa watoto wachanga, nayo ni hivyohivyo. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, hukohuko Arusha, kimefanyia kazi kwa miaka mingi chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na linafaa, ila mkaa huo hushiba na ladha ya maji haibadiliki kukuonya, kwa hiyo lazima yapimwe tena na mkaa ubadilishwe. Na magadi ya kulainishia maharage pia yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Mashine ya RO (reverse osmosis), inayosukuma maji kupitia utando mwembamba, inaondoa chumvi na floraidi kwa pamoja. Inahitaji shinikizo, na zile ndogo za nyumbani mara nyingi humwaga maji mengi kuliko yanayotoka safi. Usiifunge kwenye tangi la nyumba nzima; kuoga na kudeki hakuhitaji maji ya namna hiyo. Ifunge kwenye sinki la jikoni. Kwa sisi wa pwani, ambako visima vikivutwa sana bahari hujipenyeza, mimi ningeanza na mifereji ya paa na tangi la maji ya mvua. Ya mwanzo yamwage, yanayofuata yahifadhi, ya kunywa yachemshe.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kichujio cha ndani kinabadilishwa baada ya muda gani, kinauzwa bei gani, na duka gani hapa mjini. Akisema mpaka kiagizwe nje, ondoka.

Jirani hakulitupa lake. Amelihamishia kwenye tangi la maji ya mvua, na huko linanasa vumbi la bati vizuri tu.